Kumuuguza mgonjwa wa kiharusi: fanya hivi kuanzia dakika ya kwanza mpaka miezi ya nyumbani

Naandikia watu wetu wa huku Uganda, Tororo, Busia, Bombo, Arua, Kisenyi pale Kampala, popote ulipo una mzee au mama au hata kijana kapigwa na kiharusi na familia nzima imekaa sebuleni haijui ianzie wapi. Mimi nimemuuguza baba yangu nyumbani hapa Tororo, nimekaa wodini kama atendanti, yaani ndugu anayemhudumia mgonjwa, nimeuliza mafizio (wale wataalamu wa mazoezi ya viungo) maswali mpaka wakanizoea, na nimesoma utafiti kadhaa juu ya huu ugonjwa. Ninachotaka mkijue kabla ya yote ni kwamba hospitali itamwokoa mkifika mapema, lakini kumeza vizuri, kutembea, kutopata vidonda, kutopigwa mara ya pili, mengi ya hayo yanaamuliwa nyumbani na watu wawili watatu waliofundishwa na kupangwa, sio binti mmoja aliyeachiwa kila kitu kwa vile hana kazi ya ofisi.

Kwanza: tambua, alafu andika saa

Mwambie atabasamu. Mwambie anyanyue mikono yote miwili na afumbe macho. Mwambie arudie sentensi nyepesi, mfano "leo tumekula matoke na maharage". Mdomo ukivutwa upande mmoja, mkono mmoja ukishuka wenyewe, maneno yakitoka kama ya mlevi au yasitoke kabisa, hata kimoja tu kati ya hivyo, hiyo ni dharura. Wengine jicho linakuwa giza ghafla, wengine wanayumba hawawezi kusimama, wengine kichwa kinauma ghafla vibaya kupita maumivu yote aliyowahi kuyajua. Na dalili hizo zikitokea alafu zikapotea baada ya robo saa bado mpeleke siku hiyohiyo, sababu hicho ni kiharusi kidogo na kikubwa kinaweza kufuata ndani ya siku chache.

Saa ya kuandika ni ile ya mwisho alipoonekana mzima. Kama alilala vizuri saa nne usiku akaamka saa kumi na mbili asubuhi upande umekufa, andika saa nne usiku. Kwa nini? Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, utafiti wa Marekani wa 1995 ulionyesha inasaidia ikitolewa ndani ya masaa 3, na ule wa Ulaya wa 2008 ukasogeza mpaka masaa 4 na nusu, baada ya hapo kwa wengi hatari inazidi faida. Ni kweli huku kwetu dawa hiyo ni ghali na haipatikani kila mahali, lakini usikae nyumbani kwa sababu hiyo, maana kuna mengine yanayotaka haraka: kupima sukari (sukari ikishuka sana mtu anaweza kuonekana amepooza kabisa kumbe ni sukari), kulinda pumzi, na kupigwa CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa.

Wakati mnasubiri gari msimpe kitu mdomoni. Sio maji, sio chai, sio asali, sio kidonge. Hata aspirini msimpe, sababu kiharusi ni cha aina mbili, kuna mshipa ulioziba na kuna mshipa uliopasuka, kwa macho vinafanana na ni CT ndo inatofautisha, sasa ukimpa aspirini mtu ambaye damu inavuja kichwani umemuongezea. Msimwekee kidonge cha presha chini ya ulimi pia. Presha inapanda yenyewe saa zile, ubongo unajitafutia damu, ukiishusha ghafla nyumbani sehemu iliyokuwa inajikokota inakufa. Na ule ujumbe unaozunguka WhatsApp kwamba mchome vidole kwa sindano damu itoke, achaneni nao, unakula dakika tu. Akitapika au akipoteza fahamu mlaze kwa ubavu.

Tafuteni speshoo (gari la kukodi) au ambulansi, sio boda. Mtu aliyelegea katikati ya watu wawili juu ya boda, shingo inaning'inia, anaweza kuanguka na anaweza kupaliwa. Alafu kabla hamjatoka mtu mmoja apige simu aulize hospitali ipi ina CT inayofanya kazi leo. Hospitali kadhaa za rufaa za mikoa zinayo siku hizi lakini mashine huharibika, na kuzungushwa hospitali tatu ndo masaa yanaishia hapo. Kama karibu kuna hesenta (kituo cha afya) tu, pitieni wampime sukari na presha wawape barua, msilale pale.

Wodini: maswali ya atendanti

Nunua daftari la shule, kurasa 96 linatosha, liwe la mgonjwa peke yake. Andika kila presha, kila dawa, kila jina la kipimo. Muulize musawo, yaani daktari au nesi, haya, kwa heshima lakini usiondoke bila jibu: ni kuziba au kuvuja? Amepimwa kumeza? Presha mnataka iwe ngapi leo na iwe ngapi akitoka? Moyo umepimwa? Fizio anakuja lini?

Swali la moyo wengi wanaliruka na hasa mgonjwa akiwa kijana linataka kuulizwa. Huku kwetu kuna watu wengi vali za moyo ziliharibika utotoni kwa ile homa inayoanza na koo, damu inaganda ndani ya moyo inapanda kichwani, na dawa ya huyo sio sawa na ya mzee mwenye presha. Mtoto mwenye sikoseli (seli mundu) naye anaweza kupata kiharusi, kuna watafiti pale hospitali ya Mulago, Kampala, wamefanya kazi kubwa juu ya hao watoto, kwa hiyo usikubali mtu akwambie mtoto hawezi kupooza hivi isipokuwa amelogwa.

Kama CT imeonyesha ni kuziba, aspirini inaanza mapema, tafiti mbili kubwa za 1997 zilithibitisha hilo kwa makumi elfu ya wagonjwa. Na msimkokote atembee siku ya kwanza eti asizoee kitanda. Utafiti mmoja mkubwa wa 2015, zaidi ya wagonjwa 2,000, ulikuta waliosimamishwa kwa nguvu na kwa wingi ndani ya masaa 24 ya kwanza walikuja kuwa na hali mbaya kidogo kuliko walioenda taratibu. Kukalishwa kidogokidogo kwa maelekezo inatosha, kazi itaanza.

Siku ya kuruhusiwa msikubali kuonyeshwa kwa maneno. Sema sista naomba nimgeuze mimi ukiniangalia, naomba nimlishe mimi, naomba nimhamishe kwenye kiti mimi. Dakika ishirini zile zina thamani kuliko makaratasi yote watakayowapa.

Chumba na choo kabla hajafika

Godoro la chini linavunja mgongo wa mlezi na linamfanya mgonjwa asiweze kusimama kamwe. Tafuteni kitanda ambacho akikaa pembeni nyayo zinafika chini zote. Choo cha shimo hawezi kuchuchumaa, mwiteni seremala achukue kiti imara cha mbao chenye mikono akate tundu katikati, ndoo inakaa chini, kiti hicho usiku kinakaa karibu na kitanda. Ondoeni mikeka inayoteleza na ndala, avae kiatu kinachoshika mguu. Mkiongea naye kaeni upande ule dhaifu ili ageuze kichwa auangalie, wengi ubongo unausahau ule upande kabisa, wanaacha hata nusu ya sahani.

Kumlisha, hapa nendeni taratibu sana

Watu wanaogopa kupooza kwa mkono lakini kinachoua wengi baada ya kutoka hospitali ni chakula kuingia mapafuni. Anakohoa wiki nzima, homa, mnadhani malaria, kumbe ni nimonia.

Mkalishe wima kabisa, makalio nyuma ya kiti, mto upande dhaifu asiegemee. Asilishwe amelala hata siku moja, hata kama amechoka, kama amechoka subiri. Redio zima. Kaa chini usawa wa macho yake, sio umesimama juu yake, sababu ukisimama atainua kidevu kukutazama na kidevu kikipanda njia ya hewa inafunguka. Kidevu kishuke kidogo. Kijiko kidogo cha chai, sio kile cha kupakulia. Weka chakula upande wa mdomo wenye nguvu. Subiri, tazama koo lipande na kushuka, alafu mwambie aseme "aaa". Sauti ikiwa safi endelea. Sauti ikiwa imelowa, inagugumia, au akikohoa, au machozi yanamtoka, simama. Ikijirudia siku hiyo acha kabisa umrudishe kwa musawo, labda anahitaji mpira wa puani kwa muda na hiyo sio mwisho wa dunia.

Vya majimaji ndo hatari kuliko vyote, maji na chai ya rangi vinakimbia kabla koo halijajiandaa. Uji mzito ni rafiki. Matoke yaliyopondwa na binyebwa (mchuzi wa karanga) laini ni chakula kizuri sana. Wali unatawanyika mdomoni, karanga nzima na nyama ya kutafuna ngojeni. Akimaliza pitisha kidole chenye kitambaa safi kwenye shavu la upande dhaifu, utakuta chakula kimejificha humo, alafu piga mswaki, na abaki amekaa nusu saa.

Kumgeuza na kumnyanyua

Kama hawezi kujigeuza, kila masaa mawili mchana na usiku. Ubavu, mgongo, ubavu mwingine. Mto katikati ya magoti, visigino visiguse godoro. Kila ukimgeuza kagua mgongo chini pale kwenye kitako, nyonga, visigino, viwiko. Vitabu vinasema tafuta wekundu, lakini kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani, wewe tumia mkono: pahali pamekuwa pa moto kuliko pembeni, au pagumu, au peusi zaidi, hapo kidonda kinaanza, asilalie tena upande huo mpaka papoe. Usipasugue.

Bega. Nawaomba, msimvute mkono uliolegea, msimnyanyue kwa kumshika kwapani. Misuli ndo inashikilia lile bega na sasa misuli haipo kazini, ukivuta mfupa unatoka kidogo kwenye nafasi yake na maumivu yake yatamfanya akatae mazoezi miezi. Akikaa mkono uwe juu ya mto au meza.

Kumhamisha kutoka kitandani kwenda kiti: kiti kiwe upande wake wenye nguvu, karibu kabisa na kitanda, kisiteleze. Asogee mpaka pembeni ya kitanda, nyayo chini, zirudi nyuma kidogo ya magoti. Wewe simama mbele yake, magoti yako yazuie goti lake dhaifu lisikunjike. Shika mkanda au leso uliyomfunga kiunoni. Mwambie ainame mbele, pua ielekee juu ya vidole vya miguu, hapo ndo uzito unahama, watu wanawavuta juu moja kwa moja wakati uzito bado uko nyuma na wote wawili wanaanguka. Moja, mbili, tatu, anasimama, anazunguka hatua ndogo, anahisi kiti nyuma ya miguu, anakaa taratibu. Mkiwa wawili ni bora. Wewe mwenyewe kunja magoti, sio mgongo.

Mazoezi

Miezi mitatu ya kwanza ndo ubongo unapokea sana, baadaye pia unaendelea kurudi lakini polepole, kwa hiyo hiyo miezi msiipoteze mkizunguka kutafuta nani kamroga. Kinachorudisha mkono ni kuutumia, mara nyingi mno, kwa kitu chenye maana. Kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni. Kuchambua maharage. Kukunja kitenge. Kushika kikombe kitupu akipeleke mdomoni.

Kioo nacho kinasaidia na ni cha bei ndogo. Kinasimamishwa katikati ya mikono, mkono mzima mbele ya kioo, dhaifu nyuma yake, anautazama kwenye kioo mkono mzima ukifungua na kufunga, ubongo unaona kama ni ule dhaifu unafanya. Baba alikuwa anafanya hivyo kila baada ya chai ya asubuhi, mwanzoni alikasirika akasema ni mchezo wa watoto, alafu ikawa ni yeye anayeitisha kioo. Kuna pia kuufunga mkono mzima kwa glovu au kitambaa ili dhaifu ulazimike kufanya kazi, utafiti wa Marekani wa 2006 kwa watu 222 ulionyesha faida iliyodumu, lakini hiyo ni kwa mtu ambaye tayari anaweza kunyanyua kiganja na vidole kidogo, sio mkono uliolala kabisa, na ianze na fizio.

Sasa niseme kitu ambacho wengi hawapendi kusikia. India walifanya utafiti uliotoka 2017, wagonjwa 1,250, nusu familia zao zilifundishwa kufanya mazoezi nyumbani, na baada ya miezi sita hakukuwa na tofauti kwenye vifo wala kwenye utegemezi. Mimi siusomi kwamba familia isifanye kitu, naona ukituambia mazoezi ya familia peke yake hayazibi pengo la fizio. Kwa hiyo sente mlizopanga kupeleka kwa mganga zilipieni fizio aje hata mara moja kwa wiki mbili, awape kazi mpya, awasahihishe, na siku zilizobaki mfanye alichosema.

Asiyeongea bado anasikia na mara nyingi anaelewa zaidi ya mnavyodhani. Msimjadili mbele yake. Muulize maswali ya ndio na hapana, mpe muda, msimalizie sentensi. Kuna wasioweza kusema sentensi lakini wimbo wa kanisani au kaswida wanaimba na maneno yanatoka, imbeni nao.

Dawa, hapa ndo watu wetu wanapigwa mara ya pili

Presha ndo mama wa yote. Utafiti mkubwa wa nchi 32, na Uganda ilikuwemo tangu awamu ya kwanza ya 2010, ulionyesha mambo kumi tu ndo yanabeba karibu asilimia 90 ya hatari ya kiharusi na presha iliongoza. Mwingine wa 2001 uliwapa watu waliokwisha kupata kiharusi dawa za presha, wakapigwa tena kwa asilimia 28 chini ya wale ambao hawakupewa. Vidonge vya kawaida kabisa.

Lakini huku mtu akipima akakuta 128 juu ya 79 anasema nimepona, anaacha. Hajapona, dawa ndo imeishikilia. Katunkuma, vile vitunda vidogo vichungu watu wanavyosema vinashusha presha, kuleni kama mboga kama mnaipenda, haichukui nafasi ya kidonge. Nendeni siku ya kliniki ya presha pale hesenta ya nne au hospitali, stoo ikiwa tupu ulizeni jina la dawa na miligramu mkanunue famasi, na nunueni zikibaki za wiki moja, sio zikiisha. Aspirini ya kila siku ni kwa waliozibwa, kama ilivuja msimpe mpaka daktari aseme.

Kupima: akojoe kwanza, akae dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini isipishane, mkono mzima (sio uliopooza) uwe usawa wa moyo. Mara mbili, andika zote kwenye daftari. Wengi wanalengwa chini ya 130 juu ya 80, lakini namba ya mzee wako ni ile daktari aliyomwandikia.

Chumvi ya mezani ondoeni kabisa, WHO, Shirika la Afya Duniani, inasema chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kidogo cha chai kwa kila kitu. Na mboga za majani: utafiti wa Nigeria na Ghana wa 2018 ulikuta wasiokula mboga za majani walikuwa kwenye hatari zaidi. Dodo (mchicha) na nakati ziko kila soko, hizo sio chakula cha maskini.

Moyo wake na nyinyi wenyewe

Karibu mtu mmoja kati ya watatu anapata huzuni nzito baada ya kiharusi. Analia bila sababu, anakataa kula, anasema bora nife. Wanaita ukaidi wa uzee, sio ukaidi, mwambieni daktari, ina dawa. Na jamaa wakija na habari za majini na uchawi msigombane nao mbele ya mgonjwa, waombe dua, shehe asome, mchungaji aombe, vidonge viendelee saa zilezile.

Kaeni kikao wiki ya kwanza. Nani yuko usiku, nani mchana, nani analeta sente kwa simu kila mwezi na ngapi. Mko Kampala hamuwezi kuja? Basi lipeni mtu wa kumpumzisha mlezi siku mbili kwa wiki, na mkipiga simu ulizeni na yeye amelalaje, sio mzee tu. Mara nyingi ni mke wa kaka au binti wa mwisho, anaogesha, anafua, anabadilisha pampasi, na mashemeji wakifika wanauliza kwa nini mzee amekonda. Hiyo inaumiza kuliko kazi yenyewe.

Mrudisheni hospitali siku hiyohiyo mkiona

Udhaifu mpya au maneno kupotea tena, hata kidogo. Homa na kikohozi, au pumzi fupi. Degedege. Kidonda kinachonuka. Mkojo umekataa kutoka. Na mguu mmoja, mara nyingi ule uliopooza, ukivimba, una joto na unauma pale nyuma ya goti au kwenye msuli, hapo msiukande wala kuupaka mafuta ya moto, huenda damu imeganda humo na ukiusugua inaweza kupanda mapafuni, mlazeni, tafuteni gari, mwambieni musawo wa zamu mguu umevimba tangu lini.